Siku Mbili Bila Kulisema

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Dobi,

Hujambo, na mgongo wako haujambo? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba unakuuma ukiinama, nikakuambia ulale chali sakafuni, ukacheka. Natumaini ulipokwisha kucheka ulilala. Sisi wawili huku ni wazima. Chiriku mafua yamemtoka, maneno hayajamtoka. Jana alianza kuzungumza tukiosha vyombo, na nilipozima taa alikuwa bado katikati ya habari ya mwalimu wao wa kemia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu ni ya binti yako, mimi huiazima tu. Ujumbe wako wowote huusoma kabla yangu, na mara nyingine huujibu kabisa kwa niaba yangu. Kwa hiyo nawe nijibu kwa karatasi, na barua uitume karakana. Anuani nimeiandika nyuma ya bahasha. Usitume nyumbani.

Habari yenyewe ni hii. Karakana yetu ya miwani imenunua mashine mpya ya kukata lenzi, na waliotuuzia wanataka fundi mmoja aende kwao, huko ng'ambo uliko, kujifunza kuitumia. Nimechaguliwa mimi, kwa kuwa nina miaka kumi na saba pale na wenzangu wote wanaiogopa mashine kabla hawajaiona. Mafunzo yanaanza Jumatatu tarehe 10 Machi, katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka kwako. Nimeomba nifike Ijumaa kabla yake, wamekubali. Kwa hiyo nina Jumamosi na Jumapili, nazo ni zako ukizitaka. Chiriku atakaa kwa jirani yetu mwalimu.

Lipo jambo la Chiriku nataka tulizungumze, uso kwa uso, tukiwa tumekaa. Si ugonjwa wala si kesi, usianze kuhesabu dhambi zako. Ila si la simu.

Dada yako,
Fundi Miwani


Tarehe 19 Februari

Dada Fundi,

Shikamoo, ingawa umenizidi miezi kumi na moja tu na sijui nitakuamkia mpaka lini. Mgongo upo. Huniamkia asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nililala chali kama ulivyosema, nikashindwa kuinuka, nikachelewa kazini. Asante kwa tiba.

Njoo, njoo. Nimeshabadilishana zamu na wenzangu na sitagusa shuka hata moja siku zote mbili. Nimepanga kila kitu ili usije ukasema ulikuja ukaangalia ukuta. Jumamosi asubuhi tunapanda mlima na kilabu changu cha matembezi. Lete viatu vinavyoshika, si vile vyako vya kuendea karamuni. Jioni nimepata tiketi za muziki, ukumbi mkubwa, watu wanavaa vizuri. Jumapili ni makumbusho, vyumba kumi na viwili, mpaka saa ya treni yako. Hutapata hata dakika moja ya kukaa, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

Chumba changu ni kidogo. Kitanda utalala wewe. Mimi nimeazima cha kukunja kwa mpishi wa hoteli yetu.

Hilo jambo tutaliongea, wikiendi ni ndefu. Mbusu Chiriku, kama anakubali kubusiwa siku hizi.

Mdogo wako,
Dobi


Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimerudi salama, mashine nimeijua, na kidole changu cha mguu kinaendelea vizuri baada ya kuachana na ukucha wake. Natumaini nawe ni mzima na kazi inakwenda. Chiriku anakushukuru kwa sweta. Limembana mabega, amekua kuliko unavyomfikiria, lakini analivaa.

Asante kwa ukarimu wako. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui kama ulipona, ila mimi nilikula, nikalala kitandani, na wewe ukalala kwenye kile kitanda cha kukunja kinacholia kila ukigeuka. Uligeuka sana.

Sasa ngoja nikusimulie wikiendi yetu, kwa maana nadhani hukuiona nilivyoiona mimi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kituo cha basi pamoja na watu kumi na wanane wenye buti. Kiongozi wenu, yule mstaafu wa posta mwenye fimbo mbili, alinipa mkono na kusema maneno marefu kwa heshima sana, nawe ukanitafsiria kwa kifupi: kilabu chenu ni cha watembea kimya. Hakuna kuzungumza njiani. Mnapanda kwa saa nne, mnashuka kwa saa tatu, na mwenye neno lake anangoja mapumziko, dakika kumi na tano. Uliponiambia hivyo ulikuwa unaziangalia kamba za buti zako.

Sikatai, mlima ni mzuri. Hewa ya baridi, misonobari, zile alama nyekundu walizopaka kwenye mawe ili mtu asipotee. Nilikuwa nyuma yako saa nne nzima nikiuangalia mkoba wako wa mgongoni, una viraka viwili, huku nikipanga maneno yangu. Niliyapanga vizuri. Mapumziko ya kwanza ukanivua buti kutazama malengelenge. Ya pili ukawagawia chai watu wote kumi na wanane, hata waliokuja na chupa zao. Tulipofika kileleni nikasema, "Kuhusu Chiriku," nawe ukasema, "Simama hapa kidogo, jua liwe nyuma yangu," ukapiga picha.

Jioni ukanipeleka kwenye muziki. Fidla nne, saa mbili, na ukumbi mzima umezuia hata kikohozi mpaka wimbo uishe. Wakati wa mapumziko ulikwenda kupanga foleni ya maji, ukarudi kengele inalia. Nyumbani ulikuwa umelala kabla sijamaliza kusuka nywele.

Jumapili mlangoni pa makumbusho wakatupa kila mmoja kile kifaa cha kuvaa masikioni kinachokusimulia unachokitazama. Vyumba kumi na viwili tukatembea bega kwa bega, kila mtu na sauti yake. Kuna mahali nilikivua changu nikakugusa. Ukanionyesha mtungi.

Kituoni treni ilikuwa imeshaingia. Ukanikumbatia, ukanipa sweta la mtoto, ukasema, "Lile jambo letu hatukuliongea, bwana." Ulisema kwa sauti ya mtu aliyesahau mwavuli.

Mdogo wangu, mtu akiniletea miwani akidai inaonyesha ukungu, huwa najua upesi kama kosa ni la kioo au ni la mtu asiyetaka kuona. Ile ratiba yako ilikuwa ya makusudi. Sikukasirika, nilishangaa tu kwamba umeipanga kwa ustadi kiasi kile. Na mimi nina langu. Ningeweza kusema palepale njiani, yule mstaafu akanuna, mlima ungebaki mahali pake. Sikusema. Niliogopa jibu.

Basi nasema sasa. Chiriku ulimwacha kwangu ana miaka mitano, kwa mwaka mmoja. Imekuwa tisa. Wewe ndiye mama yake na sijawahi kumwambia vinginevyo, mimi ananiita Mama Mkubwa. Muhula wa Septemba anahamia shule ya sayansi, na wanataka sahihi ya mzazi au ya mlezi wa kisheria. Nataka niwe mlezi wake kwa karatasi, si kwa mazoea. Simu yako kila ikilia nadhani unamwita. Nimechoka kulea mtoto huku sikio langu moja liko kwenye simu.

Fomu imo humu. Ukitia sahihi, atabaki kwangu mpaka afike miaka kumi na minane na hakuna atakayemhamisha. Usipotia, niambie unamchukua lini, nijiandae. Mwisho wa kuipeleka ni tarehe 30 Juni.

Naomba utie.

Dada yako,
Fundi Miwani


Tarehe 15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ukucha mpya ukianza kuota usiuguse, utajitengeneza wenyewe. Mimi ni mzima wa mwili, aibu tu ndiyo inayonisumbua.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwenye chumba cha kufulia, mashine zote zikinguruma, maana hapo ndipo penye faragha. Ni kweli, niliipanga. Zile tiketi za muziki nilizihangaikia wiki nzima, na hata fidla inashikwaje sijui. Nilisema funika kombe mwanaharamu apite. Lakini hujajua nilikuwa namkimbia mwanaharamu gani. Nilidhani umekuja kunirudishia Chiriku.

Mwaka jana uliniambia kwenye simu, "Huyu sasa mkubwa, kitanda hakimtoshi." Neno hilo nilikaa nalo miezi. Halafu unaniandikia kuna jambo, si la simu. Nikasema leo ndiyo leo, dada amechoka, na haki ya kuchoka anayo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo sikuifanya mimi. Ungeniambia kule juu, "Mchukue mwanao," ningejibu nini? Mama gani anasema hapana? Na nikisema ndiyo, nampeleka wapi? Chumba umekiona. Kina kiti kimoja.

Hata chumba si sababu. Sababu sijawahi kumwambia mtu. Namwogopa. Mashuka nayajua, nipe mia nne nitakukunjia pembe kwa pembe kabla ya saa sita. Mtoto simjui. Namuuliza umekula, ananiambia nimekula. Namuuliza shule, ananiambia nzuri. Wewe unamwita Chiriku eti hanyamazi. Mimi hajanipa maneno kumi yakafuatana. Nilipokuja akiwa na miaka tisa alinipa mkono kama anavyompa mwalimu mkuu, akaniuliza habari za safari, kisha akaenda kukaa ubavuni kwako. Nililia bafuni. Na siku kumi zilipokwisha, nikapanda ndege, nilifurahi. Dada, nilifurahi. Sitaki kuishi na mtoto wangu nikagundua kwamba ile furaha bado ipo.

Nimetia sahihi. Fomu imo humu. Abaki kwako, ndiko kwao. Haya mengine usimwambie. Mwambie nimekubali kwa ajili ya masomo.

Mdogo wako,
Dobi


Tarehe 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Mwezi umepita na siku zake. Je, barua haikufika, au ilifika ukaona sina maana? Nimepiga simu Jumapili tatu mfululizo. Chiriku amepokea, amesema wote wazima, akakata. Hakunipa hata nafasi ya kumuuliza kama amekula.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimeshaziba masikio. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mdogo wako,
Dobi


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Kwa mwili tuko wazima, na wewe nakuombea vivyo hivyo. Barua zako zimefika zote mbili. Ya pili imekuja karakana. Ya kwanza uliiandikia anuani ya nyumbani.

Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa. Miaka tisa umeiandika anuani ile kwenye kadi zake za siku ya kuzaliwa, mkono umeizoea, na najua uliiandika huku unawaza mengine. Naye Chiriku, kila bahasha yenye mwandiko wako iliyowahi kupita mlango ule ilikuwa yake. Aliifungua akiwa anatembea. Jina lililo juu hakuliangalia.

Mimi sikujua. Nilichoona ni kwamba amenyamaza. Siku ya kwanza nilishukuru. Ya pili nikamchemshia maji ya limau. Ya tatu nikampeleka zahanati, nikamwambia daktari mtoto haongei, daktari akamtazama koo na masikio, akamwandikia vitamini. Alizimeza bila ubishi, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Siku ya tano tumekaa kula, akaweka fomu mezani na barua yako juu yake. Nitakuambia jambo baya. Niliiona sahihi yako nikafurahi kabla sijamtazama mtoto usoni.

"Kwa hiyo mmeshamalizana," akasema.

Nikamwambia hakupaswa kusoma barua ya mtu.

"Mmoja anataka nikae, mwingine anaogopa nisije. Mimi niko hapahapa, sijasafiri. Kuna aliyeniuliza?"

Nikamuuliza kama ameumia.

"Nimeumia." Akaichukua barua, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile. "Lakini Mama Mkubwa, mimi nina kadi tisa. Zote zinasema soma kwa bidii, mtii Mama Mkubwa. Hii ndiyo barua yake ya kwanza."

"Haikuandikwa kwako."

"Najua. Ndiyo maana nimeiamini."

Anataka kuja huko likizo hii ndefu, wiki sita. Anataka mlima uleule ulionipandisha mimi, bila kilabu. Fomu hataki ipelekwe mpaka arudi. Nimekwenda shuleni kuwaomba, wamekubali kumngoja mpaka katikati ya Septemba, kwa shingo upande.

Sitaki aje. Naliandika hilo ili usidhani nakuletea kwa moyo mweupe. Wiki nne nilikuwa natafuta namna ya kumkatalia bila kuonekana nimemkatalia, na ndiyo sababu ya kimya changu. Namna hiyo sikuipata. Atafika tarehe 26 Julai saa nane mchana. Usichelewe, hapendi kungoja.

Dada yako,
Fundi Miwani


Tarehe 12 Agosti

Dada,

Shikamoo. Chiriku ni mzima, anakula, analala, na amenizidi urefu. Hilo hukuniambia. Uwanjani nilikuwa natafuta mtoto, nikaguswa bega na mtu mzima.

Alinipa mkono tena. Siku za kwanza tuliishi kama wapangaji: samahani, asante, tangulia wewe. Mimi kwenye kitanda cha kukunja nikihesabu zimebaki siku ngapi, na nakuhakikishia naye alikuwa anahesabu. Jumamosi tukaenda mlimani, wawili tu. Mimi nimezoea kufuata mgongo wa yule mstaafu, kwa hiyo nilitupoteza mara mbili kabla hatujafika popote. Hapo ndipo alipofungua mdomo. Alianza na njia, kwamba alama ni nyekundu na mimi nafuata za njano. Akaenda kwenye viatu vyangu, shule, majirani, wewe, ile zahanati na vitamini zake. Sikujua kwamba mtu anaweza kupanda mlima na kusema kwa wakati mmoja. Nilikuwa naitikia tu, ehe, ehe, pumzi hata sina.

Karibu na kilele akasimama. Kisha akaniuliza, "Uliogopa nini hasa?"

Nikakaa kwenye jiwe. Dada, hapakuwa na chai ya kugawa wala picha ya kupiga. Nikamwambia. Nikamwambia mwaka wa kwanza nilimkumbuka saa zote. Mwaka wa pili nikajifunza kutomkumbuka saa za kazi. Mwaka wa tatu nikagundua kwamba naweza hata saa zisizo za kazi, na tangu hapo nimekuwa nikijiogopa.

Alikula biskuti yake polepole. Akasema, "Mimi pia. Nilikuwa sikukumbuki mpaka nikumbushwe." Akanikatia nusu iliyobaki. Neno lile liliniuma, na usiku huo nililala usingizi ambao sikumbuki niliulala lini mara ya mwisho.

Jumapili makumbusho alikataa kile kifaa cha masikioni. Alinisomea vibao kwa sauti, chumba baada ya chumba, na pale asipoielewa lugha alitunga. Mlinzi alituonya mara mbili.

Sasa jambo lenyewe, na naliandika waziwazi, maana tumeshaona faida ya kuficha. Ameomba kubaki. Sikumwomba mimi, naapa. Aliniambia jana nikikunja nguo, kwamba huko kwako anajua kila kitu kilivyo na huku hajui, na anataka kujua. Hoteli ina vyumba viwili viwili kwa wafanyakazi wenye familia, wamekubali kunipa kuanzia mwezi ujao, na nimehamishiwa zamu ya asubuhi. Shule iko dakika kumi kwa miguu. Wanataka ripoti zake, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Nimemwambia ukweli kwamba sijui kama nitaweza. Amesema, "Tutaona."

Amejaribu kukuandikia mara nne, zote amechana.

Tiketi yake ya kurudi ni ya tarehe 6 Septemba. Wewe ndiye uliyemlea. Ukisema hapana, nitampeleka uwanjani mwenyewe, na nitamwambia ni mimi niliyekataa. Hatajua kamwe kwamba ni wewe. Hilo nakuahidi.

Mdogo wako,
Dobi


Tarehe 25 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta mzima. Natumaini nanyi wawili hamjambo.

Usimwambie hivyo. Ameshapata kwako barua moja ya kweli, uongo wako ataujua kabla hujaumaliza.

Ningeweza kusema hapana. Nilikaa na neno hilo siku tatu na lilikuwa tamu. Nikamwona mawazoni amerudi, amekaa mezani, ananitii. Anatii vizuri akitaka. Nikaona nitakuwa naye na sitakuwa naye. Naumia sana, mdogo wangu. Naliandika mara moja ili nisilirudie.

Kifurushi nimekituma leo kwa posta ya haraka. Humo mna ripoti zake zote tangu darasa la kwanza, cheti cha kuzaliwa, na kadi ya chanjo. Chanjo moja ilirukwa kwa sababu alikuwa na homa, nimeandika pembeni alichomwa lini baadaye. Mna nguo zake za baridi, zile zinazomtosha. Nimewaarifu shuleni wasimngoje. Fomu nimeichana. Nilifikiri itanichukua muda, kumbe ni karatasi nyepesi.

Mengine hayana cheti, kwa hiyo nakuandikia. Akisema hana njaa, ana hasira. Dawa ya maji huitapika, mwombee vidonge. Hapendi kuamshwa kwa kuitwa jina, fungua pazia uondoke. Akinyamaza zaidi ya siku moja usimpeleke zahanati kama nilivyofanya mimi. Keti karibu naye na kazi yoyote ya mikono, mashuka yatafaa, na usimtazame. Atasema mwenyewe.

Mwambie asichane barua anazoniandikia. Hata zikiwa mbaya azitume, na anuani yoyote aandike, ya karakana au ya nyumbani. Hakuna mwingine wa kuzipokea.

Halafu macho. Lenzi zake nazikata mwenyewe tangu ana miaka saba. Macho yake hubadilika upesi, yapimwe kila miezi sita. Namba za sasa nimeziandika kwenye karatasi ndani ya kasha la miwani lililomo kwenye kifurushi. Zitabadilika, na safari hii sitakuwa wa kwanza kujua. Huyo fundi wa huko mwambie asiharakishe kumpima. Chiriku akifika kwenye herufi asiyoiona, hasemi kwamba haioni. Hubahatisha, na mara nyingi hupatia.

Dada yako,
Fundi Miwani